Linux yangu ya kwanza: miezi saba na Mint kwenye steshenari

Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro, jirani na chuo. Kazi zetu mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuprinti, kuskani vyeti, kusafisha picha za pasipoti, na msimu wa maombi ya vyuo ukifika, kukaa na watoto wa watu mpaka saa nne usiku tukijaza fomu mtandaoni. Mashine inayobeba kazi hizo ni ThinkPad T430 niliyoinunua mtumba. Ina Core i5 ya kizazi cha 3 na RAM GB 4. Ni mashine ya mwaka 2012, lakini kibodi yake haijawahi kuniangusha na sikuona sababu ya kuiacha.

Sababu ikataka kuja yenyewe. Microsoft walitangaza kwamba huduma ya Windows 10 inakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yangu haifiki popote hapo. Fundi aliniambia ipo njia ya kuilazimisha ikubali. Nikamwambia hapana. Kwenye mashine hii vinapita vyeti vya watu, namba za NIDA na barua za kazi. Siwezi kuiendesha kwa kubahatisha. Mwezi wa nane mwaka 2025 nikaamua kuhamia Linux, na swali likawa moja: Linux ipi?

Kwa asiyejua, Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo wa kuendesha kompyuta, kile alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991. Ni kama basi: chesisi moja, lakini kila karakana inaunda bodi yake, viti vyake na rangi zake. Hizo bodi ndizo zinazoitwa distro, na zipo mamia. Anayeanza anachoka kabla hajaanza.

Kijana mmoja wa chuo alinishauri niweke Kali. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu wameiona kwenye video za udukuzi, ina picha ya joka na inavutia. Nikasoma maelezo ya wenyewe wanaoitengeneza: wanasema waziwazi kwamba imeundwa kwa wataalamu wa kupima usalama wa mifumo, na hawampendekezei mtu asiyeizoea Linux aanze nayo. Mtengenezaji mwenyewe akikwambia hii si yako, msikilize. Kila nikikutana na kijana anayetaka kuiweka Kali kwenye kompyuta yake pekee ya kusomea, namwomba asifanye hivyo, na namwomba kwa moyo wote, maana nimewaona wanaokata tamaa na Linux nzima kwa sababu walianzia mlango wa nyuma.

Ubuntu niliipenda kwa jina kabla ya kuijaribu. Ni neno la lugha za Kinguni za kusini, ndugu kabisa wa neno letu "utu", na aliyeianzisha mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Nilishusha toleo la 24.04. Faili lake lina zaidi ya GB 5, kwa hiyo nilitegea bando la usiku. Ni mfumo mzuri na mwenye mashine ya GB 8 au zaidi asisite kuujaribu. Kwa GB 4 zangu, nikifungua Firefox yenye kurasa sita, WhatsApp ya kwenye kompyuta na faili la mteja lenye picha nyingi, mashine ilikuwa inafika ukingoni. Hiyo si dosari ya Ubuntu. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko punda.

Nikaja Linux Mint. Ilianzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo, kwa hiyo karibu kila maelekezo utakayoyakuta ya Ubuntu yanafanya kazi humo. Inakuja kwa mionekano mitatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon ndiyo nzuri zaidi kwa macho, Xfce ndiyo nyepesi zaidi. Nilichukua Xfce, toleo la 22.1, faili la chini kidogo ya GB 3. Kwa wenye mashine ndogo kama yangu, hapo ndipo pa kuanzia.

Faili hilo nililiandika kwenye flashi ili niwashie kompyuta, lakini mara ya kwanza halikuwaka. Flashi ilifika kwenye nembo ikaganda. Nilikuwa tayari kumlaumu aliyeniuzia flashi, kumbe faili lenyewe lilikatika wakati wa kushushwa, siku ambayo mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Ukurasa wa kushushia una msururu mrefu wa herufi na tarakimu uitwao SHA256; unapima faili lako, ukilinganisha unajua kama limefika zima. Kwenye Windows amri ya certutil inafanya kazi hiyo bila kuweka programu yoyote. Dakika mbili tu, na zingeniokolea usiku mzima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Usichague distro kwa picha wala kwa ubishi wa watu. Chagua kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuifanyia kazi yako ya kila siku kabla hujaiweka. Mint ikiwaka kwenye flashi haiandiki chochote kwenye diski yako mpaka uiambie. Mimi nilifungua duka nayo siku mbili mfululizo ikiwa kwenye flashi. Ilikuwa nzito kidogo, kwa sababu flashi si diski, lakini nilijua ninachotaka kujua: Wi-Fi inashika, sauti inatoka, printa inaonekana, skana inavuta karatasi, mashine inaamka vizuri nikifunika na kufunua. Printa yangu ilijitokeza yenyewe nilipochomeka waya, nikaprinti kurasa 40 za mteja wa kwanza pale pale.

Kwenye mashine ya pili dukani Wi-Fi haikushika. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti, kisha nikafungua Driver Manager, ikaonyesha drayva inayohitajika, yaani programu ya kukiendesha kifaa cha Wi-Fi, na kuiweka. Nisingejaribu kwanza ningekuwa nimeshafuta mfumo wa zamani na sina mtandao wa kuuliza.

Kuweka kwenyewe kulichukua chini ya nusu saa. Programu inakuuliza uweke Mint pembeni ya Windows au ufute diski yote. Soma mstari huo mara tatu. Mimi nilifuta, baada ya kunakili kila kitu kwenye diski ya nje, hata folda ya Downloads ambamo kazi za wateja hujificha. Nilichosahau ni nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Zilipotea zote, na kuzirudisha moja moja kulinichukua wiki.

Halafu kuna vitu viwili ambavyo hakuna aliyenionya. Unapoandika nywila yako kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, hakuna kinachoonekana, hata nukta. Nilidhani kibodi imekufa. Haijafa, andika, bonyeza Enter. Cha pili ni fonti. Chuo cha hapa kinataka ripoti kwa Times New Roman 12. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, ikikosa fonti hiyo inaweka Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo kurasa hazihami. Lakini kwenye kompyuta yangu faili zilizoandikwa kwa Calibri zilihama: ripoti ya kurasa 62 ikawa 65, na orodha yote ya yaliyomo ikasema uongo. Dawa yake ni fonti iitwayo Carlito, iliyopimwa herufi kwa herufi ilingane na Calibri. Na ukitaka Times New Roman na Arial zenyewe, unaweka kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer. Katikati itakuja skrini ya masharti ambayo kipanya hakigusi kitu. Bonyeza Tab mpaka OK iwake rangi, ndipo Enter. Nilikaa pale dakika kumi.

Siku iliyonithibitishia kwamba sikukosea ilikuwa ya flashi. Binti wa mwaka wa tatu aliingia saa moja jioni, macho mekundu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vipi?"

"Utafiti wangu umepotea. Nimepita steshenari mbili, wanasema niiformati."

Ule ugonjwa kila mwenye steshenari anaujua: folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibonyeza hakifunguki kitu, na virusi vinahamia kwenye mashine yako. Zamani nilikuwa naogopa kugusa flashi ya namna hiyo. Nilichomeka kwenye Mint. Dirisha lilipofunguka, zile njia za mkato zilikuwa zimekaa tu kama vifaili vidogo vya .lnk, maana zimeandikwa kuagiza Windows na hapa hakuna Windows ya kuagizwa. Pembeni yake palikuwa na folda moja isiyo na jina kabisa, nafasi tupu chini ya picha ya folda. Virusi huwa vinaibandika alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii, lakini Mint ilionyesha kila kilichomo. Nikaifungua. Sura ya kwanza, sura ya pili, dodoso, takwimu, vyote vimo. Nilinakili kwenye mashine, nikaformati flashi, nikarudisha. Yule binti aliketi kwenye benchi la wateja akalia, safari hii kwa furaha. Tangu hapo wanaletwa na wenzao.

Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa kipimo, Mint ina heshima fulani. Update Manager inakuonyesha masasisho, ukubwa wake, na wewe ndiye unayechagua lini. Mimi nafanya Jumapili usiku. Angalizo moja: kwenye Software Manager programu moja inaweza kuwa na aina mbili, ya mfumo na ya Flatpak. Ya Flatpak mara nyingi inakuja na mizigo yake yote na inaweza kula mamia ya MB. Ukiwa na bando dogo, chukua ya mfumo. Kuhama kutoka 22.1 kwenda 22.2 nilifanya ndani ya Update Manager hiyohiyo, bila flashi, na matoleo haya ya 22 yanahudumiwa mpaka mwaka 2029.

Iwasheni pia Timeshift siku ya kwanza. Inapiga picha ya mfumo, ukiharibu unarudi ulipokuwa. Imeniokoa mara moja nilipofuata maelekezo ya zamani na mashine ikawaka bila mwonekano wowote, skrini nyeusi tupu. Ila fahamuni kwamba kwa kawaida yake inalinda mfumo, si nyaraka zako. Za wateja nazinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa.

Pale iliponishinda napo niseme. Kadi za harusi na za michango nilikuwa nazitengeneza kwa Publisher ya Microsoft kwa miaka. LibreOffice Draw inafungua mafaili hayo, lakini maua yanahama na maandishi yanapishana, na mteja wa kadi hataki kusikia habari za mfumo. Photoshop nayo haipo kwenye Linux. Picha za pasipoti nimezoea kuzifanya kwa GIMP na zinatoka safi, lakini nilihitaji mwezi mzima mkono uzoee. Mwenye kazi inayosimama kwenye programu moja ya Windows tu, aihesabu kwanza. Mimi nimebakiza mashine moja yenye Windows kwa ajili ya kadi, na sijaiunganisha na mtandao.

Kitu kimoja kinanigusa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. LibreOffice ninayoitumia leo ni uzao wa OpenOffice hiyohiyo. Watu wetu walishalima shamba hili zamani, na mimi nilikuwa naogopa kama vile ni pori.

Mwezi uliopita nimemwekea binti wa dada yangu aliyeingia kidato cha tano. Mashine yake ina GB 8, kwa hiyo nilimpa Cinnamon. Kabla ya kuiweka nilimwachia flashi wiki nzima ajaribu mwenyewe, na nikamwambia aandike kwenye daftari kila kilichomshinda. Alirudi na mistari mitatu. Miwili ilikuwa ya fonti. Wa tatu ulikuwa nywila isiyoonekana.