Morrowind: gemu ninayoitukana kila usiku

Kama unapenda gemu kwa ajili ya mapigano, hii achana nayo. Morrowind ni gemu ya kompyuta, unaigiza shujaa kwenye dunia ya kubuni, na mapigano yake ni aibu tupu. Na usiniambie ni kwa sababu ya umri, eti ya mwaka 2002. Zipo kongwe kuliko hiyo, na humo ukimrushia mtu ngumi inampata.

Kilichonitia hasira ni panya. Pale mji wa Balmora ukijiunga na chama cha wapiganaji, kazi ya kwanza unayopewa ni kwenda kwa mama mmoja anaitwa Drarayne Thelas, ukamuulie panya wanaomtafunia mito. Mito ya kulalia, anayo mingi ajabu, sijui anafungua gesti. Haya, nikaingia. Panya huyu hapa miguuni, nimemlenga katikati ya uso, nikabofya mausi. Upanga ukaingia kwa panya, ukatokea upande wa pili, nikasikia "fyuu". Hana hata mchubuko. Nikabofya tena. Fyuu. Tena. Fyuu. Yeye ananing'ata tu, ule mstari mwekundu wa uhai unashuka, na mimi nakata hewa kama mwendawazimu. Bibi yangu kule Ujiji panya anamaliza kwa kandambili, pigo moja, na maongezi ya kwenye simu hayakatishi. Mimi niliyeagizwa na mfalme mzima nimevaa mabati nimeuawa na panya, chumbani kwa watu.

Nilipiga kelele hadi mke wangu akaita toka chumbani, "Baba Zawadi, unagombana na nani saa hizi?" Ningemjibu nini? Panya?

Ukweli ni kwamba upanga unaouona kwenye skrini hauna kazi yoyote. Kila ukibofya, gemu inarusha dadu kimyakimya huko ndani. Inatazama ujuzi wako wa silaha hiyo, wepesi wako, bahati yako, halafu inaamua umempata au umemkosa, hata kama macho yako yameona umempasua. Kibaya zaidi kuna mstari wa kijani, ule wa pumzi. Ukikimbia unakwisha, na ukiwa mtupu dadu inakugeukia. Sasa nani anatembea polepole kwenye gemu? Kila mtu anakimbia! Kwa hiyo unafika kwenye kila ugomvi ukiwa unahema, na gemu haikwambii kitu. Tena mwanzoni kabisa, kwenye ofisi ya forodha pale Seyda Neen, wanakuwekea kisu mezani ukiokote. Kama mtu wako ujuzi wake ni upanga mrefu, hicho kisu ni mzigo, kwa sababu kisu kinahesabiwa silaha fupi. Huo ni mtego, mimi siiti kitu kingine.

Kijana aliyeniwekea gemu hii kwenye laptopu, ana kibanda chake si mbali na soko la Mwanga, alinicheka wazi mbele ya wateja. "Kaka, hii takataka ya nini? Ngoja nikuwekee ya mpira." Nikamwambia laptopu yangu hizo za kisasa inazima yenyewe. Akajibu, "Basi uza hiyo laptopu, nunua sahani za chai." Watu wakaangua kicheko. Nilimlipa hela yake nikaondoka, na sirudi pale hata kwa kuongeza salio. Ila ile siku ya panya, nikiri kwa shingo upande, nilimkumbuka.

Sasa swali ni kwa nini bado ninayo.

Kwanza haiombi bando. Ukishaiweka imekaa, haina cha "inapakua sasisho" saa tatu za usiku wakati MB zenyewe za kuhesabu. Lakini hiyo ni sababu ya mfukoni. Sababu yenyewe ni kwamba gemu hii haina mshale. Hizi za baadaye, kuanzia Oblivion ya mwaka 2006 ya haohao watengenezaji, zinakupa alama juu ya dira, unaifuata kama mbuzi anayevutwa kamba. (Oblivion hiyohiyo iliondoa na dadu ya kukosa, kwa hiyo walijua!) Morrowind unaelekezwa kwa mdomo. Kuna mzee anakutuma magofu ya kale ya Arkngthand ukamletee kijisanduku cha mafumbo. Toka mjini, vuka mto Odai, pita ngome ya Moonmoth, tafuta daraja la kale. Ukifika huoni mlango, unaona jiwe, hadi ugundue mpini kwenye bomba pembeni, uuzungushe, ndipo jiwe linafunguka. Mtu wa Kigoma hashangai. Nenda Kibirizi leo ulizia nyumba ya mtu, hakuna atakayekutajia namba wala mtaa. Utaambiwa shuka na njia ya ziwani, ukiona mitumbwi inashonwa umepitiliza. Nilipolipata lile jiwe nilisimama nikajipigia makofi. Hakuna mshale wowote ulionifikisha pale.

Halafu dunia yenyewe. Nilikuwa natembea njiani nje ya Seyda Neen, nikasikia ukelele juu. Mtu anadondoka kutoka mawinguni, pu, kafa mbele yangu. Kwenye maiti kuna daftari lake na hati za uchawi wa kuruka alizotunga mwenyewe. Ukitumia moja unaruka kuvuka nusu ya kisiwa, raha isiyo kifani, ila kutua ndiko kulikomuua yeye na ndiko kutakakokuua wewe, usipowahi kuisoma ya pili ukiwa hewani. Hakuna aliyenituma pale, hakuna zawadi. Kuna mchawi mjinga tu na uvumbuzi wake. Na usafiri wao ni dudu kubwa lenye miguu mirefu kupita minazi, limetobolewa mgongo, unakaa humo ndani. Gemu gani ya sasa ina ujasiri huo?

Kusoma ni kwingi, nikuonye. Sauti zipo chache, maongezi karibu yote ni maandishi, na Kiingereza chake kizito. Mimi kimenifaa. Wengine mtalala.

Nilikuwa nimefika hapa nataka kusema ni gemu bora kuliko zote nilizowahi kucheza, na mapigano uyavumilie tu. Lakini juzijuzi nimepanda mlima na mzigo wa siku nzima, sijasevu, wakaja wale ndege wanaitwa cliff racer. Wana mkia mrefu na mlio wa kuudhi, wanakufuata popote, ukimuua mmoja anakuja mwenzake. Fyuu. Fyuu. Ujuzi wangu wa upanga sasa ni mkubwa, nawapata mara nyingi, lakini wale wanakula pumzi yako mpaka mstari wa kijani unakauka. Nimewaua wote. Nikashika mausi nisevu, umeme ukakatika, na betri ya laptopu hii ilishakufa zamani.

Hapana. Usiicheze. Ni mateso.

Na kama hutanisikia, mwanzoni unapochagua kabila la mtu wako chagua Redguard, umpe upanga mrefu uwe ujuzi wake mkuu, kile kisu cha mezani kiuze dukani kwa Arrille, tembea badala ya kukimbia unapoona adui, na usevu kabla ya kufungua mlango wowote. Umeme ukirudi nitaanza tena kutoka kule chini ya mlima.