Miezi minane na kompyuta niliyoiunga mwenyewe: Windows na Linux Mint, kila mmoja na SSD yake

Windows 10 ilipofikia mwisho wa kuhudumiwa, tarehe 14 Oktoba 2025, laptop yangu ya zamani ilibaki njia panda. Prosesa yake ni Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Mimi naandaa hesabu za maduka, na programu ninayotumia haifanyi kazi nje ya Windows. Mdogo wangu anasomea kompyuta chuoni, kazi zake karibu zote ni za Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Kununua kompyuta mbili hatukuwa na uwezo huo, kwa hiyo tukaamua kuunga moja ya mezani itakayotufaa wote.

Mifumo miwili nilishawahi kuijaribu kwenye ile laptop, ndani ya diski moja. Usiku, nimechoka, nikafika kwenye hatua ya kugawa diski, nikachagua patisheni (kipande cha diski) isiyo sahihi na kubofya kuendelea. Hesabu za mteja za miezi miwili zikaenda. Wiki nzima nilikaa na boksi la risiti zake nikiingiza moja moja upya, na kumweleza kwa nini nimechelewa kuliniuma kuliko kazi yenyewe. Ndiyo maana safari hii nilikuwa na sharti moja: mifumo hii miwili isilale kitanda kimoja.

Vifaa nilinunua Kariakoo, maduka matatu tofauti. Prosesa ni Ryzen 5 5600G, yenye kori 6 na grafiki humohumo ndani, hivyo kadi ya grafiki sikuihitaji. RAM GB 16, vipande viwili vya GB 8. Kwenye SSD, yaani diski ya kuhifadhia, kijana wa dukani alinishauri kwa nia njema.

"Bosi wangu, chukua SSD moja ya tera, utaigawa nyumbani. Hela nyingine ule."

"Hapana kaka, nipe mbili."

"Haya, wewe ndiye mwenye mashine."

Nikachukua moja aina ya M.2 (kibao chembamba kinachofungwa kwenye ubao mama) ya GB 500 kwa ajili ya Windows, na moja aina ya SATA ya GB 480 kwa ajili ya Mint, aina mojawapo ya Linux. Jumla yote, bila monita na kibodi ambavyo nilikuwa navyo, ilifika milioni moja na laki nne na ushee.

Kuunga si kazi ya kutisha, ila ina sehemu moja ya kushika pumzi: prosesa. Hii, inayoingia kwenye soketi (tundu lake) ya AM4, ina pini 1,331 upande wa chini, nyembamba mno, na ukipinda moja umejitafutia balaa. Kwenye kona moja kuna pembetatu ndogo ya rangi ya dhahabu. Itafute, uilinganishe na pembetatu iliyochorwa kwenye soketi. Zikikutana, prosesa inazama yenyewe kwa uzito wake. Ikigoma usiikandamize, inyanyue uangalie upya. RAM ni kinyume chake, yenyewe inataka mkono wa nguvu. Nilipowasha mara ya kwanza feni zilizunguka lakini monita ikabaki nyeusi. Nilichomoa waya, nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona kipande kimoja cha RAM upande mmoja kimekaa juu kidogo. Nikakibonyeza mpaka kikalia ta! Picha ikaja.

Windows niliisakinisha SSD ya Mint ikiwa bado kwenye boksi lake. Ilipokamilika nikafungua skrubu moja, nikaitoa M.2, nikafunga SSD ya pili peke yake na kuweka Mint kwa flashi. Ndipo nikazirudisha zote mbili. Kwa njia hii kila mfumo una faili zake za kuwashia, hakuna anayemtegemea mwenzake. Kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya mfumo kuwaka) nikatanguliza SSD ya Mint, kisha ndani ya Mint nikaandika amri sudo update-grub. Windows ikaonekana kwenye menyu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha. Faili la Mint la kupakua lina karibu GB 3, kwa hiyo tenga bando mapema.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha siku ileile. La kwanza ni saa. Linux huandika saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ukitoka Mint ukaingia Windows saa nne asubuhi, kompyuta inakwambia ni saa moja. Kwangu mimi ninayetoa ankara zenye muda, hilo si dogo. Dawa yake ni amri moja ndani ya Mint: timedatectl set-local-rtc 1. La pili ni Fast Startup ya Windows, mpangilio wa kuwasha haraka. Izime, la sivyo Windows haizimiki kikamilifu, na Mint itakuruhusu kusoma mafaili ya upande ule bila kuandika chochote.

Kero iliyobaki ni kwamba mifumo hii haiwaki kwa pamoja. Mteja akipiga simu mdogo wangu akiwa katikati ya kazi yake, lazima ahifadhi, azime, tuwashe upya. LibreOffice, programu ya ofisi iliyoko Mint, inafungua mafaili yangu mengi ya Excel vizuri, ila yale yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) nayarudisha Windows.

Mwezi uliopita umeme ulikatika Mint ikiwa katikati ya apdeti. Uliporudi, Mint haikuwaka. Yalibaki maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Zamani hapo ningekuwa nimekwama na kila kitu. Nilizima, nikawasha huku nabonyeza F11 ili nipate orodha ya diski za kuwashia, nikachagua SSD ya Windows, na kabla ya saa sita mchana hesabu za mteja zilikuwa zimeshatumwa. Jioni mdogo wangu akaketi na flashi yake akaitengeneza Mint bila kugusa faili langu hata moja. Mwisho wa mwezi huu tunachanga kununua UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika.