Docker Compose kwenye kituo cha parachichi Tukuyu: uzoefu wangu

Kituo chetu cha kukusanya parachichi kina kompyuta moja tu ya maana, ya Ubuntu, inayokaa chini ya meza ya karani. Humo kuna programu nne: ya kupokea uzito wa mizigo, ya kutengeneza stakabadhi za wakulima, nginx ya kuzionyesha kwenye kivinjari, na hifadhidata ya PostgreSQL. Kila moja ina kontena lake, yaani kisanduku cha Docker kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na nyingine, na yote yameelezwa kwenye faili moja, compose.yaml, ambayo Docker Compose huisoma na kuyaendesha kwa pamoja. Naandika docker compose up -d, yanaamka yote na kuitana kwa majina. Sihitaji kukariri anwani ya IP.

Lakini kilichonishika ni uhifadhi. Kontena ukilifuta, kilichoandikwa ndani yake kinaondoka nalo. Voliumu, yaani hifadhi ambayo Docker huitunza nje ya kontena, inabaki. Ile ya stakabadhi nimewapa wawili: mtengenezaji anaandika, nginx inasoma tu, maana mwisho wa mstari wake nimeweka :ro. Hata mtu akiipenya nginx, kilo za mkulima kwenye stakabadhi hawezi kuzibadilisha kupitia hapo. Hifadhidata ina voliumu yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. PostgreSQL mbili zikiandika kwenye mafaili yale yale, zinayaharibu.

Ruhusa za mafaili ndizo zinazokera wengi. Linux inamtambua mwenye faili kwa namba, haijali jina. Kontena moja likiandika kama mtumiaji 1000 na jingine likaja na namba tofauti, huenda likakataliwa mlangoni. Mimi nimeweka user: "1000:1000" kwa yale yanayoshirikiana, basi.

Majina nayo yana mtego. Compose hutanguliza jina la folda kwenye jina la voliumu. Badilisha jina la folda, utapewa voliumu mpya isiyo na kitu, ofisi nzima ipige kelele kwamba data imepotea, kumbe ya zamani ipo palepale. Andika name: kituo juu kabisa ya faili ulale usingizi. Tena, docker compose down haigusi voliumu, ila ukiongeza -v inazifuta. Herufi moja! Karani asifundishwe.

Umeme ukikatika na kurudi, restart: unless-stopped inayarudisha makontena bila mtu kupanda bodaboda usiku. Depends_on, mstari wa kupanga nani aanze kabla ya nani, peke yake haitoshi: inahakikisha kontena la hifadhidata limeanza, siyo kwamba liko tayari kupokea maswali. Weka healthcheck ya pg_isready, jaribio la kuuliza kama hifadhidata iko tayari, na sharti la service_healthy ili wengine wasubiri jibu.

Bando nalo naliokoa. Imeji, yaani kifurushi cha programu ambacho kontena huanzishwa nacho, navuta nikiwa Mbeya mjini kwenye intaneti nzuri, nafanya docker save kwenye flashi, napanda Coaster hadi Tukuyu, kisha docker load. Kwenye Linux, Docker Engine na Compose havidai leseni ya kulipia.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu voliumu ya kawaida inakaa kwenye diski ya mashine moja. Diski ikifa, nayo imekufa, ndiyo maana pg_dump yangu, nakala ya hifadhidata, inakwenda kila usiku kwenye diski ya nje. Rafiki yangu mwenye ghala la mahindi Iringa anataka mashine mbili zitumie voliumu moja. Hapo itabidi aielekeze kwenye NFS, njia ya kushirikisha mafaili kupitia mtandao, na kwa mtandao wa pale ghalani, nimemshauri abaki na mashine moja.