Kompyuta tatu, ruta moja: miezi minne Nyegezi

Ruta hii, kifaa cha kugawa intaneti nyumbani, niliinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa shilingi 95,000. Inahudumia kompyuta tatu, yangu na za wadogo zangu wawili. Kucheza gemu kwenye seva za watu (kompyuta zinazoendesha mchezo na kupokea wachezaji mtandaoni), haina neno. Kasheshe ilianza mimi na dogo tulipofungua kila mmoja seva yake ya mchezo wa Minecraft: marafiki wa Musoma na Bukoba walikuwa wanaingia kwangu tu, kwake hafiki mtu. Nje, nyumba nzima inaonekana kwa anwani moja ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni), na poti 25565, yaani mlango wa namba ambao Minecraft hutumia kwa kawaida, huelekezwa kwenye kompyuta moja tu. Tukampa dogo poti 25566, tukafunga anwani ambazo ruta huzipa kompyuta za ndani zisibadilike umeme ukikatika. Jioni ile ile alipata wageni sita, akaruka kwa furaha!

Menyu ya poti kwenye ruta imefichwa mno, hilo limeniudhi kweli. Na chumba cha nyuma kimeegemea jabali, waifai inafika imechoka. Tumevuta waya, mchezo haugandi tena.

Kabla hujanunua, muulize anayekuuzia intaneti kama anakupa anwani ya IP ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka nje. Bila hiyo, kuelekeza poti hakusaidii kitu.