Gadi ya pikipiki: mguu imeuokoa, injini imeipasua

Kama una pikipiki ya Boxer na mtu anakushawishi ufunge gadi nene ya kuchomelea, yaani mabomba ya chuma ya pembeni yanayokinga mguu ukianguka, muulize kwanza inashikwa wapi. Unene na rangi achana navyo.

Yangu niliinunua Busia, upande wetu wa Uganda. Mwenye duka aliipiga nyundo mbele yangu kunionyesha kwamba haipindi. Na kweli haikupinda! Mvua hizi za juzi nilikuwa natoka Majanji na samaki, nikateleza kwenye njia ya udongo, mwendo wa pole kabisa. Pikipiki ikalalia kushoto, bomba la gadi likagonga ukingo wa kalavati. Niliinuka mzima, mguu hauna mchubuko, pedali ya gia imenyooka. Nikamshukuru Mungu. Mara naona oili inachirizika.

Fundi alipofungua tukakuta boliti ya chini ya gadi imepitishwa kwenye tundu lilelile linaloshika injini na fremu. Bomba limechomoza nje sana, kwa hiyo lilipogonga likawa kama mtaimbo: nguvu yote ikaishia kwenye ile boliti, na sikio la injini, ile sehemu yenye tundu la boliti, ambalo ni aluminiamu, likapasuka hadi kwenye kasha la injini lenye oili. Ufa mwembamba, ukucha unanasa. Kuuchomelea kumenila kuliko bei ya gadi, na hadi leo unatoa jasho la oili.

Nikarudi dukani na gadi mkononi. Sikudai hela, nilitaka aache kuwafungia wengine namna ile. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. "Mzee, hebu angalia hapa." Macho kwenye simu. "Kijana, gadi ni ya mguu. Injini kailinde mwenyewe." Mbele ya wateja!

Kinachoniuma ni kwamba kuhusu mguu hakudanganya. Pikipiki ya zaidi ya kilo 100, na samaki juu yake, ingenilalia. Nilikuwa nimeapa sifungi tena chuma chochote, lakini mwenzangu wa steji anayo ya bomba jembamba, imebanwa kwenye fremu juu na chini, haigusi boliti ya injini. Alipoanguka ilijikunja, akatupa, akanunua nyingine, injini salama. Ya namna hiyo nafunga hata kesho. Ila kwa yule mzee sinunui hata nati.