Geji ya joto kwa pikapu kuukuu: uliza itasoma nini maji yakiisha

Nilikuwa kwenye foleni ya feri Likoni saa saba mchana, kaskazi imechachamaa, pikapu imebeba madafu kutoka Msambweni kwenda Kongowea. Geji niliyofungiwa miezi mitatu nyuma ilisoma digrii 90. Nikaingia feri, nikavuka, na nilipoanza kuupanda ule mlima wa upande wa kisiwani injini ikaanza kugonga. Nikatupa jicho kwenye geji: 60. Nikajiambia basi si joto, huenda ni dizeli chafu, nikazidi kukanyaga. Kabla sijafika juu ikazima.

Mpira mdogo wa maji nyuma ya injini ulikuwa umepasuka. Rejeta kavu. Hedi, kile kichwa cha injini, ilipinda, gasketi ikaungua, na kuirudisha barabarani kulinigharimu shilingi 74,000 na siku 12 bila kazi. Madafu niliyauza pale pale kando ya njia kwa bei ya kutupa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba geji ile niliinunua makusudi, kwa shilingi 2,300, kwa sababu ile iliyokuja na gari sikuiamini. Ami, fundi wangu wa Changamwe, hata hakuuliza ni ya kampuni gani. Aliuliza sensa imefungwa wapi.

"Mwanangu, sensa ya maji ni lazima ioge ndiyo iseme. Maji yametoka, imebaki kwenye hewa. Ulitaka ikwambie nini?"

Basi hapa sitazungumzia rangi ya taa, upana wa kioo wala urembo wa dashibodi. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi napanga kwa swali moja tu: maji yakiisha, hii geji itasoma nini?

Sensa nyingi za umeme hufanya kazi kwa ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Joto likipanda, ukinzani wa sensa hushuka, na sindano hupanda. Kwa hiyo chochote kinachoongeza ukinzani njiani kinaifanya geji isome chini kuliko ukweli. Waya uliolika, ethi (njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha gari) iliyoshika kutu, kiungo kilicholegea. Na sisi wa Pwani tunajua chumvi ya hewa hii inavyokula chuma. Bolti ya ethi inayong'aa leo, mwakani ina ukoko wa kijani. Fundi naye akizungushia skrubu ya sensa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, sensa inakosa kugusana vizuri na chuma, nayo inasoma baridi. Sasa hesabu mwenyewe. Maji yakitoka, baridi. Ethi ikioza, baridi. Waya ukikatika, baridi. Karibu kila ubovu wa geji hizi unakupoza moyo wakati ambapo ungepaswa kuzima injini.

Geji ya kiwandani nayo usiitegemee. Nyingi zimetengenezwa ili sindano isitikisike ovyo, ikae katikati kuanzia digrii themanini na kitu hadi kupita mia. Ukiiona inapanda, umeshachelewa.

Namba moja kwangu ni Engine Watchdog TM2, inayotoka Australia, na sifichi kwamba ninaipenda. Sensa yake ni pete inayobanwa kwa bolti kwenye chuma chenyewe cha injini. Haigusi maji kabisa. Maji yakiisha, chuma kinazidi kupata moto, namba inazidi kupanda, na kengele inalia. Ndiyo hiyo tu, na ndiyo yote niliyokuwa nikitaka siku ile Likoni. Ami alifungua bolti moja iliyo kwenye hedi upande wa nyumba ya themostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto, akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akaweka pete, akabana, akapitisha waya kwenye tundu la kebo ya klachi. Alijihadhari isikae karibu na manifoldi ya ekzosi, kwa sababu hapo ingesoma joto la moshi. Kazi ya chini ya saa moja.

Usiweke kengele siku ya kwanza. Endesha wiki nzima, na mzigo na bila mzigo, uone gari yako inapenda kukaa wapi. Yangu hukaa 86 mpaka 88 barabara ya tambarare, na kwenye foleni ya feri, ambapo hakuna upepo isipokuwa wa feni, inafika 93. Kengele nimeiweka 103. Tangu hapo imelia mara moja, nikipanda Mazeras: feni beliti ilikuwa imelegea. Nilisimama, nikangoja, nikaikaza, nikaenda zangu. Hakuna kilichoharibika.

Ubaya wake ni kuipata. Sijaikuta dukani Mombasa, niliagiza, na usafirishaji pamoja na kodi vilikaribia bei ya kifaa. VAT peke yake ni asilimia 16. Kitu cha kuokoa injini ya mtu wa kazi kinatozwa kama pambo, na hilo linanikera kila nikikumbuka risiti ile.

Ya pili ni VDO ya Kijerumani, ile ya milimita 52, digrii 40 hadi 120. Ni geji nzuri, sindano yake haibabaiki, na kuna sensa zake zenye vichwa viwili: kimoja kimeandikwa G, hicho ni cha geji, na kingine WK, cha taa au kengele ya hatari. Mafundi wengi hufunga G tu na kuiacha WK uchi. Ukiwa umelipia sensa ya vichwa viwili, dai kengele yako. Lakini hii nayo ni sensa ya maji, kwa hiyo swali langu inalifeli kama zile nyingine. Nimeiweka ya pili kwa sharti kwamba utaifungia na kengele ya kiwango cha maji, ile yenye kijiti kinachoingia tangi la juu la rejeta na kulia maji yakishuka chini yake. Bila hiyo kengele sioni sababu ya kulipia jina.

Jambo jingine la VDO: geji na sensa lazima ziwe jozi. Kuna sensa za kuhudumia geji moja na za kuhudumia geji mbili, ukinzani wake si sawa, na kwa macho zinafanana. Muuzaji anayekupa geji kutoka kwenye boksi na sensa kutoka kwenye droo ya vitu mchanganyiko, mwache.

Ya tatu ni geji ya kimakenika, yenye mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye sensa mpaka dashibodi. Haitumii umeme, kwa hiyo kutu ya ethi haiihusu, na kwa gari la huku Pwani hilo ni jambo kubwa. Mrija ukikunjwa vibaya, imekufa. Nayo pia inataka maji ya kuoga.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta usihangaike navyo. Pikapu nyingi za dizeli za miaka ya 80 na 90 hazina kompyuta ya kuzungumza nayo.

Zile za bei ya chini zinazokuja na kiungo kinachofungwa kwa kuukata mpira wa juu wa rejeta, kama niliyokuwa nayo mimi, usinunue. Kwenye injini nyingi mpira ule uko baada ya themostati, kwa hiyo themostati ikikwama imefunga, injini inaungua na sensa imekaa kwenye maji yaliyopoa. Zaidi ya hapo kiungo kimezungukwa na mpira pande zote, bila waya wake wa ethi hakisomi sawa, na sijaona boksi lenye waya huo ndani.

Kabla ya yote hayo nunua kifuniko kipya cha rejeta chenye kipimo cha shinikizo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Cha baa 0.9 kikiwa kizima, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu 118. Mpira wake ukichoka, yanachemka 100.

Na geji yoyote ya sensa ya maji, ijaribu kabla hujalipa. Mombasa tuko usawa wa bahari, maji yakitokota ni 100, si kama Nairobi ambako hutokota kwenye 94 hivi. Unahitaji betri, waya wa ethi kwenye mwili wa sensa, na sufuria. Chovya sensa, sindano ikae kwenye 100 au karibu sana. Kaka yangu alipotaka VDO nilizunguka naye Mwembe Tayari nikiomba hilo tu. Wa kwanza alisema, "Dada, hii ni orijino, haijaribiwi." Wa pili alirudisha boksi kwenye shelfu bila kunijibu. Hawa ndio watu ambao wangechukua elfu kadhaa zetu kwa kitu ambacho wao wenyewe hawajawahi kukiona kikifanya kazi. Wa tatu alimwita kijana, wakaleta birika lililokuwa jikoni kwa chai, tukafunga waya kwenye betri ya pikapu, tukachovya. Sindano ilipanda polepole, ikasimama nywele moja chini ya 100. Kaka akalipa, nami nikachukua pale pale kifuniko cha rejeta na feni beliti mbili.