Kipimo cha presha cha betri: chukua cha mkono wa juu

Maduka ya dawa Mwanjelwa, Mbeya, huuza cha kifundo cha mkono na cha mkono wa juu. Cha kwanza ni chepesi kubeba, ila hukosea mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo pamoja na kisukari achukue cha pili. Kabla ya kulipa, pima mzunguko wa mkono wa juu kwa futi ya fundi cherehani: mkanda wa kawaida wa kipimo hufaa sm 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, namba hupanda bure, na mtu huongezewa dawa asizohitaji.

Baridi ya Juni na Julai Mbeya nayo hupandisha presha. Usipime juu ya sweta; kaa dakika 5 umeegemea, miguu sakafuni, kimya (hata simu usipokee). Pima mara 2, dakika 1 katikati, andika zote.

Kasoro kubwa: mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huichanganya mashine. Hapo pima mara 3, upeleke daftari kliniki. Wala haioni maji yanayojaa mwilini. Moyo uliochoka (usiosukuma damu vizuri) unahitaji mzani pia, maana maji hayo huongeza uzito. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, wahi hospitali.